Hadi Saa Sita Usiku

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Mashine yangu ya fotokopi inakohoa wino,
na ukutani nimebandika, kwa maka peni nyekundu:
KUBADILI MACHAGUO, ELFU MOJA TU.
Leo ndiyo siku ya mwisho.

Tangu asubuhi wamepita kumi na wanane.
Yupo anayeijua tahasusi yake kama jina la babake,
yupo aliyeniuliza mimi, mpiga chapa:
"Kaka, ungekuwa mimi ungeweka nini?"
Mie nabonyeza tu, mdogo wangu.

Wa kumi na tisa ni Mwanamkasi Shemhilu,
divisheni wani, pointi kumi na sita,
miguu ina vumbi la Makorora.
Kakaa ukingoni mwa stuli
kama aliyekuja kudungwa sindano.

Amepangiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia
shule ya bweni, Sumbawanga huko,
siku mbili za basi, miaka miwili ya kukesha,
na mwisho wake mtihani mmoja
wa kukufungulia chuo kikuu
au kukurudisha kwenu na sanduku lako la bati.
Nalijua sanduku hilo.
Langu liko mvunguni,
mama hutunzia mashuka ya wageni.

Au chuo cha kati, papa hapa mjini:
maabara, miaka mitatu,
jioni arudi ale kwao.

Mfumo unazunguka. Kiduara kwenye kioo
kama nzi juu ya chai.
Namba ya siri imekwenda kwenye simu ya mamake,
naye yuko Mkwakwani na karai la mihogo;
mafuta yanachachatika hadi huku dukani.
Herufi humpiga chenga yule mama.
Tarakimu anazijua, ndizo zilizo kwenye noti.
"Nne. Sufuri. Ngoja nijifute mkono... saba. Saba tena.
Haya, weka Fom Faivu, usinionee huruma.
Ntakaanga mpaka karai litoboke.
Nataka daktari mie, sitaki wa kumshikia daktari taa."

Mwanamkasi akanitazama.
Kidole chake kikashuka mstari wa pili.
Chuo.
"Nimeweka, mama."

Na kweli, kaweka.
Nikapangusa kibodi isiyo na vumbi.

"Wamwonea huruma?" nikamuuliza, simu ilipokatika.
Akafikiri, muda wa kurasa tatu za fotokopi.
"Sijui, kaka.
Mwaka juzi mdogo wangu aliugua,
pale Bombo dada mmoja wa maabara
akaniita nichungulie kwenye hadubini.
Damu ya Athumani, imejaa pete ndogondogo
za zambarau.
Nilisahau kulia."

Sikuwa na la kumwambia.
Huruma na hamu zimepanda baiskeli moja,
na anayekanyaga pedali
sikuweza kumwona.

Karatasi ikatoka ina joto.
Akalisoma jina lake taratibu, kama la mtu mwingine,
akaikunja mara nne, akaisokomeza nyuma ya kava la daftari.
Elfu yake ilinuka mafuta ya mihogo.
Mlangoni akageuka:
"Inabadilika tena hii?"
"Hadi saa sita usiku."
Akatikisa kichwa, lakini si kwa kukubali
wala kwa kukataa.

Saa tatu jirani wa cherehani akafunga.
Saa nne nikauza bahasha moja na kalamu mbili.
Mie hufunga saa mbili na nusu.
Leo nimeacha kompyuta inawaka,
ukurasa uko wazi, jina lake juu,
nikijiambia nasubiri wateja.

Saa tano na robo vikombe vikagongana mlangoni.
Nikashika kipanya.
Alikuwa muuza kahawa.
Nikanywa kimoja, nikaongeza cha pili.
Zimebaki dakika arobaini
na yuniti tatu za umeme.